Maswali ya Wasomaji: Kabla hujaamini majibu ya maabara, uliza panya alikula nini

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba chakula anachopewa panya wa maabara kinaweza kuharibu kipimo cha estrojeni, yaani kile kipimo cha kujua kama dawa, mti, plastiki au kemikali fulani inafanya kazi kama homoni ya kike mwilini. Kumbe nimegusa watu wengi, barua zimemiminika kutoka vyuoni, kwa wafugaji, hadi kwa kinamama wanaoogopa soya. Nimechagua sita. Nyingine zinauliza kitu kilekile kwa hiyo mtanisamehe kama hujaona yako, jibu lako nadhani limo humuhumu.

*

Shikamoo Dokta. Niko Morogoro nasoma uzamili, utafiti wangu ni wa mti mmoja ambao bibi zetu huku wanawapa kinamama wenye shida za hedhi, nataka nijue kama una nguvu ya estrojeni. Nilichukua panya majike wachanga, kundi moja nikawapa dawa ya mti, lingine maji tu, lingine estrojeni yenyewe ya kulinganishia, siku tatu mfululizo, siku ya nne nikapima vizazi. Sasa cha ajabu hata wale wa maji vizazi vyao vimejaa, wa estrojeni wamewazidi kidogo tu, na wa mti wako sawa na wa maji. Msimamizi wangu anasema andika mti hauna kitu tufunge kazi. Panya tunawalisha chakula cha kuku tunachonunua mjini, mfuko ukiisha tunanunua mwingine popote unapopatikana. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Kwanza usiandike kwamba mti hauna kitu. Nakuomba sana. Hujui bado kama una kitu au hauna, na sababu umeiandika mwenyewe pale kwenye habari ya mfuko wa chakula cha kuku.

Ngoja niwaeleze na wenzetu ambao hawajaingia maabara. Kipimo hiki ni cha zamani, watu wanapima uzito wa kizazi cha panya tangu miaka ya 1930, na wazo lake ni jepesi: jike ambaye bado hajavunja ungo, au aliyetolewa ovari kwa upasuaji, hana estrojeni yake ya maana, kwa hiyo kizazi chake kimesinyaa. Ukimpa kitu chenye estrojeni kizazi kinavuta maji na kukua ndani ya siku chache. Shirika la OECD, lile la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, lilikiwekea mwongozo rasmi, ule namba 440, mwaka 2007, na kabla ya hapo maabara za nchi kadhaa zilikijaribu kwa pamoja kuona kama majibu yanafanana. Unampa panya kitu chako angalau siku tatu, unasubiri masaa 24 baada ya dozi ya mwisho, unampasua. Unatoa kizazi chote, kile chenye umbo la Y, unakata mafuta ya pembeni polepole sana usije ukatoboa maana kina maji ndani, unapima. Afu unakitoboa, unakilaza kwenye karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa kidogo, unakibonyeza taratibu mpaka maji yatoke yote, unapima tena. Tunaongelea makumi ya miligramu hapo, kwa mchanga. Ukizubaa mezani kinakauka na uzito unabadilika mbele ya macho yako, kwa hiyo kila kizazi lazima kipite kwenye mikono ileile kwa mwendo uleule.

Sasa njoo kwenye mfuko wa kuku. Protini ya chakula kile kwa sehemu kubwa inatoka kwenye mashudu, na mashudu ya soya yamebeba vitu viwili vya jamii inayoitwa isoflavoni, jenisteini na daidzeini, ambavyo mwili unavisoma kama estrojeni dhaifu. Kama kuna alfalfa ndani, yale majani wanayolishwa ng'ombe wa maziwa, inaongezeka kumestroli ambayo ina nguvu kuliko hao wawili. Vyote hivi ni estrojeni za mimea. Ni dhaifu kweli, mara mamia hadi maelfu kuliko estrojeni ya mwili, ila panya anakula kutwa kucha na anakula sana kulingana na uzito wake. Piga hesabu mwenyewe: panya wa gramu 50 akila gramu 6 kwa siku za chakula chenye maikrogramu 350 za hivi vitu kwa kila gramu, amemeza miligramu 2.1, ambayo ni miligramu 42 kwa kila kilo ya mwili wake, kila siku, kabla wewe hujamgusa na dawa yako. Na sikuitaja 350 hivihivi. Ndiyo kikomo kilichowekwa kwenye ule mwongozo wa 440, kwamba kwa majike wachanga chakula kisizidi maikrogramu 350 kwa gramu, jumla yake ikihesabiwa kwa kipimo cha jenisteini. Wale waliotolewa ovari wakiwa wakubwa kikomo hichohicho kinawafaa pia maana wao kwa uzito wao wanakula kidogo kuliko watoto. Chakula chako wewe kina ngapi? Hujui, na aliyekuuzia hajui, na mfuko wa wiki hii si mfuko wa wiki ijayo kwa sababu mtengenezaji anachanganya kulingana na bei ya sokoni, soya ikipanda anaweka alizeti, ikishuka anarudisha soya, na hana kosa lolote, kuku wanataga.

Ndio maana panya wako wa maji walikuwa wamevimba vizazi. Ukiwa umeshajaza kikombe nusu, ukiongeza kijiko cha dawa dhaifu utaonaje tofauti?

Na angalia kwa makini zaidi kundi lako la tatu. Wale waliopewa estrojeni halisi wamewazidi wa maji kidogo tu. Hilo kundi kazi yake ni moja, kukuhakikishia kwamba kipimo kinafanya kazi. Limeshindwa kuonyesha kitu ambacho dunia nzima inajua kipo, kwa hiyo kipimo chote hakijasimama na huwezi kukitumia kuhukumu mti, wala kuutetea. Mwambie msimamizi wako hivyo kwa heshima. Na umwambie wewe si wa kwanza: mwaka 1998 watafiti wa chuo cha udaktari cha Baylor, Houston, walichapisha kisa chao, panya waliotolewa ovari waliacha kuitikia estrojeni kama walivyozoea kuiona, wakahangaika kutafuta sababu, ikaonekana ni chakula, kilikuwa kimejaa jenisteini na daidzeini hadi panya wasiopewa kitu nao wakawa wameshaamka. Hao ni watu wenye vifaa vyote na chakula cha kiwandani chenye lebo.

La kufanya. Rudia, ila anza na chakula. Kama bajeti inaruhusu agiza kile kilichotengenezwa kwa viungo safi, protini yake ikiwa kaseini ya maziwa badala ya soya, fomula zake ziko wazi kama ile AIN-93G ya mwaka 1993 (mafuta yake ni ya soya lakini mafuta hayabebi hizi isoflavoni kwa kiasi cha kutisha). Kama hairuhusu, na najua mara nyingi hairuhusu, tengeneza mwenyewe: mahindi safi yasiyo na ukungu, dagaa au maziwa ya unga kwa protini, vitamini na madini, umshirikishe mtu wa lishe ya mifugo asije panya akakosa kitu. Changanya mzigo mmoja utakaotosha jaribio zima kuanzia panya wanaingia hadi siku ya kuwapasua, uuweke pakavu, na sampuli ya nusu kilo uifungie kwenye friza. Hiyo sampuli ni mali. Siku ukipata rafiki mwenye HPLC, ile mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, ataipima isoflavoni na wewe utakuwa na namba ya kuandika. Waanze kula hicho chakula siku kadhaa kabla ya dozi ya kwanza. Na pima chakula wanachokula kila siku kwa kila kizimba, maana dawa za miti ni chungu, panya akipunguza kula uzito wa mwili unashuka na kizazi nacho kinaweza kushuka, utasema mti unapinga estrojeni kumbe ni njaa.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalisemi. Soya si kesi pekee. Chakula kilichonona sana, chenye nguvu nyingi kwa gramu, kinawafanya majike wachanga wapevuke mapema, ubongo unaamka, ovari zao wenyewe zinaanza kutoa estrojeni, na kizazi kinakua bila soya hata punje. Kwa hiyo usije ukakimbia soya ukaangukia huko. Njia ya kukwepa ni kutumia waliotolewa ovari, uwafanyie upasuaji wakiwa na wiki 6 hadi 8, uwaache si chini ya siku 14 kizazi kisinyae, ndipo uanze. Ni kazi zaidi lakini ovari haipo, ubongo hata ukiamka hauna wa kumtuma.

*

Habari Dokta. Kwenye grupu letu la WhatsApp la kinamama imezunguka video inasema soya ina homoni za kike na watoto wa kiume wakinywa uji wa lishe wenye soya wanaota matiti na hawatazaa. Wanasema imethibitishwa kwa panya. Mimi mwanangu ana miaka miwili anakunywa uji huo kila asubuhi. Nimeogopa nimeumwaga.
*Mama wa Tanga*

Pole mama, na unga usiumwage tena. Ukisoma jibu la juu utaona panya anaweza kumeza miligramu 42 za isoflavoni kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu mzima wa kilo 60 ili amfikie angepaswa kumeza zaidi ya gramu 2 na nusu. Wajapani ambao wanakula soya tangu utotoni hadi uzeeni kwa siku wanapata kama miligramu 25 hadi 50 tu, mtu mzima huyo, na Japani watoto wanazaliwa na wanaume wana ndevu. Tafiti zilizokusanya majaribio mengi ya wanaume wanaokula soya au vidonge vya isoflavoni hazikuona homoni yao ya kiume ikishuka. Halafu kuna tofauti ya tumbo: karibu panya wote wana bakteria wanaobadilisha daidzeini kuwa ekwoli, kitu chenye nguvu zaidi, wakati binadamu ni baadhi yetu tu, kwa Wazungu ni kama theluthi moja, kwa Waasia wanafika nusu au zaidi. Kwa hiyo kilichotokea kwa panya usikichukue kikiwa kizima ukakiweka kwa mwanao.

Uji wa lishe mpe, soya ikiwa ni sehemu tu ya mchanganyiko pamoja na mahindi, ulezi, karanga, na akila na vingine, dagaa, mayai, matunda. Soya ikaangwe au kuchemshwa vizuri kabla ya kusagwa. Hilo la kupika ndilo ningekusisitizia kuliko homoni, mbichi inasumbua usagaji wa protini tumboni. Na ukiona mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, ana dalili za kubalehe akiwa mdogo hivyo, hiyo ni ya kwenda hospitali, haisubiri grupu.

*

Daktari, mimi ni mwalimu wa bayolojia Nakuru. Wanafunzi wangu wameniuliza swali nikashindwa: kwa nini kuhusu ile kemikali ya plastiki, BPA, utafiti mmoja unasema inaharibu panya na mwingine unasema haifanyi kitu? Si wote wanatumia panya? Nilidhani sayansi ikishapima imepima.
*Mwalimu, Nakuru*

Mwalimu swali zuri sana hilo na wanafunzi wako wape pongezi. BPA, bisfenoli A, inatumika kutengeneza plastiki ngumu ile ya polikaboneti, na ina tabia ya estrojeni dhaifu. Ugomvi wake una sababu nyingi, pesa ya viwanda na yenyewe imo, ila hebu nikae kwenye ile ambayo darasani inafundishika: kila panya anaishi ndani ya chakula chake, kizimba chake, maji yake na maranda yake, na vyote vinaweza kuwa na estrojeni.

Waeleze kisa cha Cleveland, Marekani. Agosti 1998 Patricia Hunt na wenzake walikuwa wanachunguza mayai ya panya wadogo (Kiingereza mouse, si watoto wa panya), ghafla panya wao wa kundi la kulinganishia, wale ambao hawakupewa chochote, mayai yao yakaharibika. Mayai ambayo kromosomu zake zimeshindwa kujipanga yalikuwa kawaida asilimia 1 hadi 2, yakapanda mpaka 40. Walipofuatilia wakagundua vizimba na chupa za maji za polikaboneti zilioshwa kwa sabuni kali ya sakafu badala ya ile ya kawaida, plastiki ikachubuka, BPA ikawa inatoka. Walirudia makusudi kuhakikisha, wakachapisha 2003. Hakuna aliyewapa BPA panya hao. Nyumba yao ndiyo iliyowapa. Na kundi hilohilo la watafiti mwaka 2009 likaripoti kwamba athari ya BPA kwenye mayai yanayokua inabadilika kutegemea chakula panya anachokula. Sasa fikiria maabara mbili, zote zinasema "tumewapa panya BPA dozi hii", moja inalisha soya nyingi na nyingine kaseini, utashangaa wakigombana?

Kuna mfano mwingine ambao wanafunzi wataupenda kwa sababu unaonekana kwa macho. Kuna panya wadogo wenye jeni inayoitwa agouti ya manjano, jeni ileile lakini mtoto anaweza kuzaliwa wa manjano au wa kahawia kutegemea jeni hiyo imezimwa kiasi gani akiwa tumboni. Chuo cha Duke, 2006, waliwalisha mama jenisteini miligramu 250 kwa kilo ya chakula, watoto wakahamia upande wa kahawia. Mwaka uliofuata waliwapa mama BPA, miligramu 50 kwa kilo ya chakula, watoto wengi wakawa wa manjano, na walipoongeza jenisteini au folik asidi na wenzake kwenye chakula, manjano ile ikarudi nyuma. Yaani soya imefuta kile BPA ilichofanya. Lazima uwaambie pia kwamba mwaka 2013 watafiti wa Missouri walirudia na hawakuona rangi ikibadilika kiasi hicho. Usiwafiche hilo, ndivyo sayansi inavyokwenda. Ila waoneshe namba ile: miligramu 250 kwa kilo ni maikrogramu 250 kwa gramu, chini ya kile kikomo cha 350. Kikomo kile kiliwekwa kulinda kipimo cha uzito wa kizazi peke yake. Mtu anayepima ubongo, mayai, au jeni za mtoto tumboni hawezi kusema "chakula changu kiko chini ya 350 kwa hiyo niko salama", hakuna aliyemuahidi hivyo.

Na aina ya panya nayo ina neno. Watafiti wa taasisi ya afya ya mazingira ya Marekani, NIEHS, kule North Carolina, walichukua chakula kimoja, jina lilelile, kiwanda kilekile, tofauti ni tarehe ya kusagwa tu, wakaangalia siku uke wa panya wachanga unapofunguka, ambayo ni alama ya kuvunja ungo. Waliripoti 2007. Panya wadogo wa CD-1 na panya wa F344 walitofautiana kutoka tarehe moja ya usagaji hadi nyingine, panya wa Sprague-Dawley hawakushtuka. Kwa hiyo lebo ya jina la chakula haitoshi, tarehe ya kinu inatakiwa kwenye ripoti, na mimi kila nikisoma ripoti isiyotaja hata jina la chakula naiweka pembeni, sijali imetoka chuo gani.

Marekani walijaribu kumaliza ugomvi kwa utafiti mkubwa walioupa jina CLARITY-BPA, ulifanyika Jefferson, Arkansas, ripoti kuu ikatoka 2018. Angalia walivyojipanga: chakula kisicho na soya wala alfalfa, vizimba vya plastiki nyingine, polisulfoni, badala ya polikaboneti, chupa za maji za kioo. Na walikuwa na sababu, maana kwenye utafiti uliotangulia palepale, panya wa kulinganishia walikutwa na BPA kwenye damu bila kupewa. Hata hivyo wamesoma namba zilezile wakatoka na maoni tofauti, serikali upande mmoja na maprofesa wa vyuo upande mwingine. Ila angalau hakuna anayeweza kusema ni soya.

*

Dk, nina nguruwe Mbeya. Majike wadogo ambao hawajafika umri wa kupandwa sehemu zao za nyuma zimevimba nyekundu kama wako kwenye joto, na mmoja ametokwa na kizazi nje. Nawapa pumba na mahindi, mahindi ya mwisho yalilowana mvua. Ni ugonjwa gani?
*Mfugaji, Mbeya*

Ndugu yangu hayo mahindi yaache leo leo, usisubiri yaishe. Kuna ukungu unaitwa Fusarium unaota kwenye mahindi yaliyolowana na kupata baridi, unatoa sumu inayoitwa zearalenoni, na sumu hiyo inafanya kazi kama estrojeni. Nguruwe ndio mnyama anayeisikia kuliko wote na majike wachanga ndio wanaanza. Mwite daktari wa mifugo haraka kwa yule aliyetokwa na kizazi, kinaweza kurudishwa ila kikichafuka utampoteza, kifunike kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi wakati unasubiri na umtenge wenzake wasimng'ate. Wengine ukibadilisha chakula uvimbe huwa unashuka wenyewe. Na usiyauze hayo mahindi kwa jirani wala kuyasaga ugali.

Nimeiweka barua yako hapa makusudi maana yule mwanafunzi wa Morogoro anatakiwa aisome. Mahindi yamo kwenye karibu kila chakula cha panya. Mtu anaweza kukwepa soya yote akabaki na estrojeni ya ukungu.

*

Mkuu salama? Naongoza watalii Arusha. Mgeni mmoja aliniambia duma wa zoo za Marekani walishindwa kuzaa kwa sababu ya soya. Duma na soya wapi na wapi? Nilicheka ila alikuwa serious.
*Mwongoza watalii, Arusha*

Salama kabisa kaka. Mgeni wako hakukudanganya. Duma wa zoo za Amerika ya Kaskazini walikuwa hawazai vizuri na wanakufa kwa ugonjwa wa ini, na walikuwa wanalishwa chakula cha kiwandani cha paka wakubwa ambacho ndani kilikuwa na soya. Mwaka 1987 Kenneth Setchell na wenzake wa Cincinnati walichapisha kwamba chakula kile kina estrojeni za mimea kwa wingi, na duma walipobadilishiwa wakapewa kuku, vipimo vya ini vikawa vizuri. Wao wenyewe waliandika kwamba ni sababu inayowezekana, hawakusema imethibitika, na matatizo ya duma kuzaa kifungoni yana mizizi mingine mingi pia. Kondoo ndio kesi iliyonyooka zaidi: Australia Magharibi, miaka ya 1940, mashamba makubwa yalipandwa majani ya malisho yanayoitwa klova, kondoo wakala wakashindwa kushika mimba, wengine wakatokwa na kizazi kama nguruwe wa Mbeya. Kisa kilichapishwa 1946 na baadaye ikajulikana ni isoflavoni ya klova ambayo tumbo la kondoo linaigeuza kuwa ekwoli. Sehemu kubwa ya tunachojua leo kuhusu panya na soya ilianzia kwa wale kondoo. Waambie na wageni wako hiyo.

*

Dokta shikamoo. Mimi natunza panya kwenye maabara moja Dar. Nimekusikia habari za soya. Sasa kwa nini tusiwape wote chakula kisicho na soya kabisa maisha yao yote tukamaliza? Na je maranda nayo yana shida? Sisi tunatandika magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yananyonya mkojo vizuri.
*Mtunza panya, Dar es Salaam*

Marahaba, na asante, maana watu kama wewe ndio mnaoshikilia majibu ya maabara mikononi na hakuna anayewauliza.

La kwanza, soya sifuri si lazima iwe salama. Mwaka 2008 maabara ya Missouri ilionyesha kwamba panya wadogo wa CD-1 wenye mimba wakilishwa chakula chenye estrojeni za mimea kidogo sana, estradioli, yaani estrojeni kuu ya mwili, kwenye damu ya watoto walioko tumboni inapanda, haishuki, na watoto wale wakaja kunenepa kupita kiasi. Kinyume kabisa na mtu anavyotegemea. Panya wa maabara wamezaliwa vizazi na vizazi wakila soya, ukiitoa ghafla nayo ni mabadiliko. Kwa hiyo msibadilishe katikati ya jaribio hata kwa nia njema. Chagueni chakula kimoja, kijulikane kina nini, na wazazi wa panya wawe wamekula hichohicho, mkibadilisha mbadilishe kati ya jaribio na jaribio na muandike tarehe kwenye daftari.

La pili, magunzi. Ndiyo, yana shida. Watafiti wa Baylor, walewale wa Houston, waligundua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba magunzi ya mahindi yana kemikali zinazovuruga mzunguko wa joto la panya majike na tabia yao ya kupandana. Panya anayatafuna, usidhani anayalalia tu. Kwa kazi ya kawaida hamtaona kitu, lakini kwa mtu anayepima estrojeni, mtilieni maranda ya mbao, ya mti mmoja unaojulikana na usiopuliziwa dawa ya mchwa, hilo la dawa muulize fundi seremala kabisa kabla ya kubeba gunia. Yananyonya mkojo kidogo kuliko magunzi, kwa hiyo utabadilisha mara nyingi kwa wiki, najua ni kazi. Na ukipokea mfuko mpya wa chakula, kabla ya kuukata, piga picha lebo yenye tarehe ya kusagwa, andika ulianza lini na kizimba gani, na ukichota chota sampuli kutoka juu, katikati na chini ya mfuko maana vumbi la chakula linashuka chini. Mkabidhi mtafiti picha hizo hata kama hajaomba.